Mume Wangu Hakuganda, Ulioganda ni Mtandao

Huayllapata,
Jumatatu, wiki ya sita baada ya mazishi ya Mzee Saturnino.

Kwa Mkurugenzi,
Huduma ya Madaktari kwa Njia ya Video,
Lima.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MUME WANGU KUNYANG'ANYWA WEMBE BAADA YA KUCHUNGUZWA MAKABURINI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na pia umeketi, maana si ya kusomwa umesimama. Mimi ni Hermelinda, mke halali wa Fortunato Tacuri, kinyozi pekee wa Huayllapata. Mume wangu amenyoa mameya, mapadri na mabwana harusi wa bonde hili lote, bila kumkata mtu isipokuwa yule wakala wa mbegu za viazi, ambaye alistahili.

Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mimi nilisema ni baridi. Nesi Yovana wa zahanati yetu akasema si baridi, hilo ni la kuonwa na bingwa wa mishipa ya fahamu, na bingwa yuko Lima, safari ya basi ambayo mtu hutapika mpaka chakula cha Pasaka. Akaongeza kwamba siku hizi bingwa humwona mgonjwa kwa simu, mgonjwa akiwa kwao. Nikafurahi. Ningejua yaliyo mbele nisingefurahi hata kidogo. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili usipate pa kujificha.

1. Kuhusu mahali. Hapa kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, nayo ni makaburini, kando ya kaburi la marehemu Meya Anacleto, ambaye maisha yake yote alituahidi mtandao na akaja kuutimiza akiwa chini. Basi tukabeba kiti hadi huko. Daktari wako, Bi. Barrenechea, akatokea kwenye simu, msafi, nywele kazibana.

"Shikamoo Mzee Fortunato. Naona maua huko nyuma, mko bustanini?"

"Hapana daktari," akasema Nesi. "Tuko makaburini."

"Makaburini? Mbona mmewahi hivyo?"

Mheshimiwa, hayo ni maneno ya kumwambia mgonjwa? Fortunato alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

2. Kuhusu tetemeko la ardhi. Mwanzoni simu niliishika mimi. Daktari alimwambia mume wangu akunje mikono kifuani, kisha ainuke kitini bila kujishikiza. Fortunato akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi chini. Mtu huyu, Mheshimiwa, aliwahi kunibeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, akiwa na gunia la viazi kifuani. Mkono wangu ukaanza kucheza wenyewe, na simu ikacheza nao. Daktari huko Lima akaona misalaba yote inayumba. Akaruka kitini, akapiga kelele: "Tetemeko! Tokeni nje! Nje haraka!"

Sisi tulikuwa nje tayari. Hakuna nje zaidi ya makaburini. Lakini amri ya daktari ni amri, tukalala kifudifudi wote, na Fortunato peke yake akabaki amekaa akituuliza tumepoteza nini. Baada ya hapo Nesi aliichukua simu mikononi mwangu, jambo ambalo nalo nalilalamikia.

3. Kuhusu mazishi. Tukiwa bado tunajikung'uta vumbi, likaingia jeneza la Mzee Saturnino, na mjane wake Bi. Domitila, na padri, na bendi ya tarumbeta. Mtu mwenye adabu angesimamisha uchunguzi. Daktari wako hakuweza kuwaona, akaendelea tu. Alimwambia Fortunato agonganishe kidole gumba na cha shahada, upesi upesi. Kisha afumbe ngumi na kufumbua. Kisha apige kisigino chini, kwa nguvu, mara nyingi. Sasa wewe fikiria. Watu wanalia, na mbele ya kaburi la meya kuna mzee anatekenya hewa na kupiga kisigino.

Bi. Domitila akasema, "Fortunato, hata kama wewe na marehemu mlikuwa na ugomvi, si leo."

Lakini kiongozi wa bendi alielewa vingine. Alidhani anapewa mapigo. Akapuliza huayno, ngoma yetu ya milimani, tena ile ya harusini! Hapo, Mheshimiwa, mume wangu, ambaye kuinuka kulimshinda, na ambaye Nesi alipomwinua alishindwa kupita kati ya makaburi mawili kana kwamba nyayo zimetiwa gundi, alinyanyua mguu, akapita kati ya makaburi yale kama kijana wa kuchumbia, akaenda mpaka kwa Bi. Domitila, akampa pole, akageuka, akarudi. Jeneza lilisubiri.

Daktari akapiga makofi huko kwenye simu. "Hicho ndicho nilichotaka kuona! Muziki unamvusha pale anapokwama. Hiyo ni dalili."

Nakuuliza: tangu lini kucheza vizuri kukawa dalili ya ugonjwa? Kama ni hivyo, siku ya sherehe ya mtakatifu wetu mji mzima ulazwe.

4. Kuhusu kuganda. Daktari aliandika, huku akisoma kwa sauti, kwamba uso wa mume wangu hautabasamu, maneno yanamtoka polepole, kope hazipepesi, na kwamba "huganda anapotembea". Mimi nilimwambia waziwazi, "Daktari, hajaganda, ulioganda ni mtandao." Nesi akanikanyaga mguu. Ili kuthibitisha maneno yangu, mtandao ukaganda kweli, na safari hii aliyeganda ni daktari mwenyewe, mdomo wazi, jicho moja limefumba, mkono hewani. Waombolezaji wakasogea kutazama.

"Uso hautabasamu," akasema Bi. Domitila.

"Na maneno yalikuwa yanamtoka polepole, nilisikia," akasema mpiga tarumbeta.

"Kope hazipepesi," akasema padri, ambaye hapendi kusema ovyo.

Kwa vipimo vyake mwenyewe, Mheshimiwa, daktari wako ni mgonjwa kuliko mume wangu. Tulipiga kura palepale na hakuna aliyepinga. Nimeambatanisha mfuko wa majani ya muña. Achemshe, anywe asubuhi, na asiendeshe gari.

5. Kuhusu wembe, na hapa ndipo penye kidonda. Nilikwenda kumwambia yule kiongozi wa bendi apunguze sauti ili tumsikie daktari. Niliporudi, picha ilikuwa imerejea, na hukumu imetoka: ni ugonjwa wa Parkinson, Nesi atatoa vidonge, na Mzee Fortunato asishike wembe tena. Fortunato alikuwa anatazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo duka limefungwa na Huayllapata imeota ndevu. Waume hawatambulikani. Bi. Teodomira alimpakulia mtu supu ya kondoo, akamtandikia na blanketi, akamsimulia matatizo ya mama mkwe, kumbe ni mkaguzi wa maji kutoka wilayani. Mumewe alikuwa nje anabisha hodi, naye akamfukuza kwa ufagio. Watoto wa shule wamemwimbia mwalimu wa hesabu wimbo wa Mtakatifu Yosefu. Na Wenceslao, yule wa Chillcapata anayeitwa kinyozi kwa sababu tu ana mkasi, anakuja kila Jumamosi na kiti cha kukunja, anakiweka mbele ya mlango wetu, na anapiga mluzi. Anapiga mluzi, Mheshimiwa!

Kwa sababu hizo nadai, kwa heshima zote, kwamba uchunguzi ule ufutwe. Kwamba tarumbeta ya bendi yetu iandikwe kama dawa na serikali iilipie. Na kwamba wewe mwenyewe, si msaidizi wako, uje Huayllapata na ndevu zako, uketi kwenye kiti cha mume wangu, umpe koo lako. Akikunyoa salama, utamrudishia wembe wake mbele ya watu. Asipokunyoa salama, tutakuwa tumejua. Pa kukulaza papo, na mtandao upo.

Nisalimie mkeo, watoto, mlinzi wa geti, na yule binti wa mapokezi aliyenisubirisha kwenye simu kwa muziki wa piano. Bi. Domitila anakusalimu. Padri anakuombea, ila hakutaka kusema kwa nini.

Ni mimi niliyeudhika kwa adabu,
Hermelinda Tacuri.

Baada ya kusaini: Nimemsomea Fortunato barua hii ili naye atie sahihi. Alisikiliza yote. Pale kwenye koo lako alicheka. Kisha akasema, "Hermelinda, daktari hakuninyima wembe. Mimi ndiye niliyemwomba aseme, ulipokwenda kwa wapiga tarumbeta."

Nikamuuliza ana wazimu gani.

Akasema wiki ile kabla ya simu alimnyoa padri huku mkono wa kushoto umeushika wa kulia, na padri akaanza kusali sala za mtu anayekata roho. Akasema, "Ningekuambia mimi, ungelia. Akikuambia daktari, utakasirika. Nikaona bora ukasirike."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, usije. Namba moja mpaka tano zote zifute. Vidonge vinafanya kazi. Leo amefunga vifungo vya shati mwenyewe, amekosea kimoja tu, na hicho alikuwa anakikosea hata zamani. Tunaomba tarehe nyingine ya kumwona daktari, na mtoto wa duka la simu amesema atatushikia simu vizuri. Ningeandika barua mpya lakini gari la posta linapiga honi nje.

Daktari mwambie nimekasirika sana. Mwambie sikulia hata kidogo.