Mapumziko Thelathini na Moja ya Bunduki ya Sherifu

Ifahamike kwa wakazi wote wa Kaunti ya Haldane, Dakota Kusini, pamoja na ng'ombe wao, kwamba ofisi ya sherifu haijawahi kuchagua silaha kwa upendeleo. Sisi tulichagua kwa kamati. Nathibitisha hayo kwa sababu mimi, Lowell Buckmiller, ndiye niliyekuwa katibu, na kila neno la uongo lililomo kwenye kumbukumbu za vikao nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa hati nzuri.

Kamati iliitwa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Tathmini Linganishi ya Mifumo ya Urejeaji wa Bolti katika Bunduki Fupi Zinazotumia Risasi za Bastola. Jina hilo peke yake lilitugharimu vikao viwili. Wajumbe tulikuwa watatu: Sherifu Dwight Krantz, mwenyekiti, mimi, na Naibu Twila Maas, ambaye tulimweka kwa kuwa kanuni zilitaka awepo angalau mtu mmoja anayejua kulenga shabaha.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Kaunti yetu ni kubwa na manaibu ni watano. Ukipiga simu ya dharura kutoka upande wa magharibi, naibu atakufikia baada ya nusu saa, yuko peke yake, na mwenzake wa karibu zaidi yuko mbali anafukuza fahali barabarani. Bunduki zilizokuwa kwenye magari yao zilikuwa kuukuu. Kitako cha ile ya Twila kilishikiliwa na utepe wa gundi. Walichotaka ni bunduki fupi, inayokula risasi zilezile za milimita tisa za bastola zao, na ambayo ukiifyatua, inafyatuka. Hilo la mwisho Twila alilirudia kila kikao. Sikuliandika, kwa kuwa niliona ni la kiufundi mno.

Wauzaji watatu wakaleta bunduki tatu, kila moja na mfumo wake: msukumo mtupu, rola, na gesi. Tukamwita mtaalamu atueleze tofauti. Mtaalamu alikuwa Arlene Gutzmer, fundi bunduki wa miaka sitini na minane, ambaye karakana yake hutengeneza pia mashine za kuvunia ngano. Alikuja na aproni yenye mafuta akakalia kiti cha Sherifu.

"Hebu sikilizeni," akasema. "Baruti ikilipuka, risasi inakwenda mbele, ganda linasukumwa nyuma. Nyuma ya ganda kuna mlango wa chuma. Huo mlango ndio bolti. Swali ni moja tu: nani anaushikilia mlango mpaka risasi itoke mtutuni?"

"Ofisi ya sherifu," akasema Sherifu.

"Tulia, Dwight. Kwenye msukumo mtupu, mlango haufungwi kabisa. Kuna jitu nene limeuegemea. Likisukumwa linachelewa kwa uzito wake tu, halafu linaangukia nyuma kama gunia la mahindi. Ndiyo maana bega linaumia. Kwenye rola, kuna watoto wawili wembamba wamekanyaga miimo ya mlango, mmoja huku, mmoja huku. Wanang'ang'ania kidogo, wakizidiwa wanachomoa miguu, mlango unafunguka taratibu. Laini hiyo, tamu, na bei yake iko juu. Kwenye gesi, mlango umepigwa komeo, na mwenye ufunguo anatokea mtutuni, anazunguka nyumba kuja kufungua. Naye ni mzuri, ila anaingia na miguu michafu."

"Sasa upi ni bora?" nikauliza.

"Bora kwa nani, na unaulisha nini?"

Nikaandika: *Mtaalamu hakuwa na msimamo.*

Kwa kweli swali lilikuwa limekwisha jibiwa. Mwezi mmoja kabla ya kamati kuundwa, Sherifu alipigwa picha amekumbatia bunduki ya rola kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye mafuriko, na picha ikachapwa kwenye kalenda elfu nane za kampeni. Kaunti ina watu elfu nne. Kazi ya kamati, kwa mujibu wa hadidu za rejea, ilikuwa kufikia kwa uhuru kamili uamuzi uliokwisha bandikwa kwenye majokofu ya wananchi.

Majaribio yalifanyika Februari, kwenye uwanja wa shabaha ulio nyuma ya ghala la chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Sherifu alifungua kwa hotuba, akapiga risasi tatu kwa kila bunduki, akajaza Fomu ya Bega. Fomu hiyo niliibuni mimi: ina nyuso tano, kuanzia unaolia hadi unaocheka. Msukumo mtupu akaupa unaolia. Rola akaipa unaocheka, akauongezea na meno. Kisha akarudi kwenye gari kupata joto, Twila akabaki na risasi mia sita za kila bunduki.

"Inagonga hii," akasema Twila baada ya kupiga msukumo mtupu kwa muda. "Bega litaniuma kesho."

"Kwa hiyo haifai?" nikauliza, kalamu tayari.

"Nimesema itauma. Sijasema haifai. Kuuma na kutofaa ni vitu viwili, Lowell, kamuulize mkeo."

Siku mbili baadaye matokeo yalikuwa haya. Msukumo mtupu haukukwama hata mara moja. Gesi ilikwama mara nne, masizi yalipozidi. Rola ilikwama mara thelathini na moja.

"Basi ni bunduki mbovu," nikasema kwa huzuni, nikifikiria zile kalenda.

"Mbovu wapi? Ni bunduki nzuri sana, katika hizi tatu ndiyo ningeipenda. Ina njaa tu." Twila alinionyesha kiganjani risasi moja ya kaunti, ya zile za mazoezi, rahisi kuliko zote. "Hizi baruti yake haba. Wale watoto wa Arlene hawasukumwi vya kutosha, hawachomoi miguu. Na grisi imeganda. Ipewe risasi kali, Arlene abadilishe kipande kimoja ndani, itaimba. Lakini kaunti hununua risasi hizihizi kila mwaka, na gari langu hulala nje kwenye baridi hiihii. Siku ikikwama niko kwenye uwanja wa mlevi mwenye bunduki, nitamwambiaje? Asubiri? Nipeni jitu nene."

Nilimpelekea Sherifu taarifa ofisini. Aliisoma akiwa amesimama.

"Thelathini na moja nini?"

"Kukwama, Sherifu."

"Bunduki iliyo kwenye kalenda yangu haikwami." Akanirudishia taarifa. "Lowell, mimi nikinyamaza katikati ya hotuba, nimekwama?"

"Hapana, Sherifu. Umepumzika."

"Haya. Unaona?"

Niliona. Jioni ileile neno *kukwama* likafutwa katika taarifa, mahali pake nikaweka *pumziko la kiutendaji*. Rola ikawa na mapumziko thelathini na moja, ishara ya silaha yenye busara. Msukumo mtupu, ambao haukupumzika kabisa, nikauandika kuwa una dalili za uchovu wa baadaye.

Lakini mapumziko nayo yalihitaji chanzo, na Sherifu hakutaka chanzo kiwe risasi, maana risasi alizinunua yeye. Kwa hiyo ukurasa wa kumi na tisa ukasema risasi hazina dosari. Dosari ni mshiko, namna askari anavyoishika bunduki. Ikafuata amri, yenye saini yake: askari yeyote ambaye bunduki ya rola itapumzika mikononi mwake ahesabiwe kuwa na mshiko dhaifu, aondolewe doria, akae dirisha la leseni za mbwa mpaka fundi athibitishe kwa maandishi kwamba mshiko wake umepona.

Twila aliisoma mara mbili mbele ya meza yangu.

"Miaka kumi na minne niko barabarani," akasema. "Magharibi ataenda nani?"

"Ratiba italiangalia hilo."

"Ratiba ina gari?"

Akaweka funguo za gari la doria mezani, polepole, bila kuzibamiza. Ningefurahi angezibamiza. Wiki ileile simu ya kwanza kutoka magharibi, mama mmoja aliyejifungia chooni na wanawe, ilingoja saa moja na dakika ishirini. Walitoka salama, mume alikuwa amelala kwa pombe. Niliiandika kwenye safu ya simu zilizopokelewa, kisha nikakaa nikiitazama safu hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kilichobaki ni idhini ya makamishna wa kaunti. Sherifu akaamua kuwaonyesha bunduki mbele ya umma, Jumamosi moja ya Machi, saa sita mchana. Wazimamoto walikaanga vijinyama vya kondoo, kina mama wakaleta keki za krimu na matunda, na watu wapatao mia mbili wakaja uwanjani na sahani zao za karatasi. Mwenyekiti wa makamishna, Ione Fjelstad, mkulima wa alizeti, alikuja na taarifa yangu mkononi. Nilishangaa kuona ameipiga mistari kwa penseli. Taarifa zetu hazikuwahi kusomwa.

Sherifu akavaa miwani, akatanua miguu, akafyatua. Mlio mmoja. Kisha *tik*.

Akavuta bolti, ganda likadondoka. Akafyatua tena. Mlio. *Tik*.

"Kumetokea nini, Dwight?" Ione akauliza.

"Ni pumziko la kiutendaji, Mheshimiwa."

"Huchukua muda gani?"

"Inategemea."

"Na jambazi?" sauti ikatoka kwenye moshi wa vijinyama. "Akae au asimame?"

Watu wakacheka. Sherifu akavuta bolti kwa hasira, akafyatua, *tik*, bila hata mlio wa kwanza. Shingo ikamwiva.

"Risasi hizi takataka!" akafoka. "Hazina nguvu!"

"Kumbe," akasema Twila. Alikuwa amesimama nyuma na kikombe cha kahawa.

Ione akafunua kurasa bila haraka. "Ukurasa wa kumi na tisa unasema risasi hazina dosari. Dosari ni mshiko. Hii si saini yako?"

"Ni yangu, lakini hiyo iliwahusu manaibu."

"Imeandikwa *askari yeyote*." Akanigeukia. "Lowell, wewe ndiye mwandishi. Sherifu ni askari?"

Watu mia mbili wakaacha kutafuna. Sherifu alinitazama kwa jicho la kuniandikia barua ya kufukuzwa kazi. Miaka kumi na mmoja nimeandika sentensi zisizo na mtu ndani: *ilionekana*, *iliamuliwa*, *ilipendekezwa*. Nilizitafuta zote, hakuna iliyokuja. Aliyekuja ni yule mama wa chooni.

"Ni askari," nikasema. "Tena wa kwanza."

Twila akaweka kahawa chini, akaichukua bunduki kutoka mikononi mwa Sherifu kwa adabu, akaifungua, akaisafisha kwa sekunde chache. Akatoa mfukoni risasi kali alizojinunulia mwenyewe, akajaza magazini. Akapiga zote kumi na saba. Bunduki ilinong'ona, bega lake halikutikisika, na haikupumzika hata mara moja.

"Niweke sawa jambo moja," akasema. "Bunduki haina kosa. Mliinyima chakula, mkamlaumu aliyeibeba."

Arlene akafuta mikono, akamaliza kijinyama cha mwisho, akaandika kwenye sahani yake ya karatasi: *Mshiko wa Twila Maas uko sawa. A. Gutzmer.* Akanipa niiweke kwenye faili. Ipo mpaka leo, na alama ya mafuta.

"Na wangu?" Sherifu akauliza, akijaribu kutabasamu.

"Wako una kazi. Njoo karakana Jumanne na Alhamisi, saa za jioni. Tutaanza na kuifungua na kuifunga. Ukishajua kila kipande kinafanya nini, nitasaini."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea," akasema Arlene.

Sherifu angeweza kuifuta amri yake palepale. Kalamu alikuwa nayo. Lakini watu mia mbili wenye kura walikuwa wanamtazama, na uchaguzi ulikuwa Novemba. Akasema kwa sauti kubwa kwamba katika kaunti hii hakuna aliye juu ya utaratibu, akapigiwa makofi mengi kuliko alivyopenda. Makamishna wakapitisha msukumo mtupu kwa kauli moja, bunduki sita, kila moja na mpira mnene kwenye kitako. Twila akaondoka na funguo zake kabla keki hazijaisha, akaelekea magharibi.

Jumatatu Sherifu alikaa dirisha la leseni za mbwa, na kofia yake. Kufikia saa nne asubuhi foleni ilikuwa imepita mlango, imeshuka ngazi, inaelekea kwenye maegesho. Wa kwanza alikuwa mzee Orville Pietz, mfugaji, ambaye aliegemea kaunta akamtazama Sherifu kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua fahali mnadani.

"Dwight," akasema, "miaka kumi na miwili nakupigia kura. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekukuta kazini."

Sherifu akakohoa, akavuta fomu. "Jina la mbwa?"

"Sina mbwa," akasema Orville. "Na hawa wa nyuma yangu, wengi hawana."