Baba Zuio Dhidi ya Kuntala Muuza Chai

Asubuhi ile Asilimia hakuanza na bei za dengu, kama ilivyokuwa desturi yake. Alilikunjua gazeti, akalisogeza karibu na pua, akalirudisha mbali, kisha akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa jirani:

"Mungu mtoto amshtaki muuza chai wa nje ya Mahakama Kuu. Shauri kusikilizwa leo."

Kuntala, ambaye ndiye huyo muuza chai, na ambaye wote walimwita Mausi, yaani mama mdogo, hakuinua kichwa. Aliendelea kukoroga maziwa kwenye sufuria, ingawa mwiko ulikuwa umesahau kuzunguka na sasa ulikwenda na kurudi tu.

"Wameandika na jina langu?" aliuliza.

"Wameandika. Wamekosea herufi moja."

"Basi kata rufaa," alisema Dhamana, akacheka peke yake.

Benchi lao liliegemea ukuta wa mahakama, na walioketi juu yake walijulikana kwa majina waliyopewa na kesi zao, maana majina waliyopewa na wazazi yalikuwa yamefungiwa ndani, kwenye majalada. Babu Tarehe alirithi kwa baba yake shauri la kisima, na kitu pekee alichowahi kupewa na mahakama hiyo ni tarehe nyingine. Dhamana alishtakiwa kwa wizi wa nyati wa maziwa. Nyati mwenyewe alishikiliwa polisi kama kielelezo, akazalia hukohuko, na sasa mawakili walikuwa wakibishana iwapo ndama naye ameibwa. Asilimia aliuza vibonge vya bisi za mchele na sukari guru. Watu wa kodi walisema kibonge kikiwa kizima ni peremende, mawakili wake wakasema kikivunjika ni nafaka, na miaka ilikuwa imepita watu wazima wenye majoho wakijadili kama bidhaa ile itozwe kodi kabla ya kuanguka sakafuni au baada.

Nyuma ya Mausi, chini ya ukuta, lilikaa jiwe jeusi lililopakwa sinduri, ule unga mwekundu wa ibada, na kuvikwa shada la maua ya manjano. Huyo ndiye aliyeshtaki.

"Nauliza tena," alisema Mausi. "Nani alitoa wazo?"

Wanaume watatu walichungulia vikombe vyao vya udongo kana kwamba jibu limezama humo.

"Mimi nilisema tu," alisema Dhamana. "Kusema si kutenda. Hata polisi wangu wanajua hilo."

"Wewe ndiye uliyelipaka rangi."

"Sinduri ilikuwa ya nani? Shada alinunua nani? Asilimia huyu, na akaomba apunguziwe."

"Msinitupie mzigo," alisema Asilimia. "Aliyesema 'baadaye' ni Babu."

Ilikuwa kweli. Wiki iliyotangulia gazeti hilohilo lilikuwa limeleta amri kwamba vibanda vyote vinavyoegemea ukuta wa mahakama viondolewe, isipokuwa mahali pa ibada, ambapo patashughulikiwa baadaye. Babu Tarehe alipolisikia neno hilo alitabasamu kama aliyetajiwa kijiji chake. "'Baadaye' ya mahakama naijua," alisema. "Nimezaliwa ndani yake." Wakatazamana. Kisha wote wanne wakalitazama jiwe ambalo Mausi alilirithi kwa mama mkwe wake, na ambalo kila alfajiri alipondea tangawizi juu yake.

Tingatinga lilipofika Jumatatu, dereva alivua viatu, akaliomba jiwe limsaidie binti yake kwenye mtihani, akalizunguka kwa adabu, akaenda kubomoa kibanda cha kutolea kopi cha jirani. Siku ya pili wakili mmoja aliligusa jiwe akiwa na haraka, akaingia ndani na kutoka na amri ya zuio. Kufikia mchana jiwe lilikuwa na jina: Baba Zuio. Mawakili walipanga foleni. Mausi aliuza chai kuliko wakati wowote, isipokuwa chai yenyewe haikuwa na tangawizi, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayemwangushia mungu nyundo mbele ya waumini.

"Si ununue jiwe jingine?" alisema Asilimia.

"Nikilinunua watauliza la zamani lilikwenda wapi," alisema Mausi. "Halafu usiku silali. Nimemwambia Mungu wa kweli anisamehe. Nimemwambia ni mpaka baadaye tu."

"Tatizo si Mungu wa kweli, yule ana huruma," alisema Babu Tarehe. "Tatizo ni huyu wa kisheria."

Wote pale benchini waliijua sheria hiyo kama wanavyoijua mvua. Mungu wa mahali pa ibada ni mtu mbele ya mahakama. Anamiliki ardhi, anashtaki, anashtakiwa, anadaiwa kodi. Tena ni mtoto milele, kwa hiyo mtu mzima humsemea, naye huitwa rafiki wa karibu. Waliijua yote hiyo, na bado hakuna aliyekumbuka kwamba mvua humlowesha hata aliyeiomba.

"Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," alisema Asilimia.

"Huyu hakui," alisema Dhamana. "Ndiyo shida yenyewe. Sasa Mausi, sikiliza, mimi nina uzoefu wa kizimbani. Jaji atakuuliza hili jiwe ni la nani. Ukisema ni lako la tangawizi, umekiri kutengeneza mungu bandia ili kuidanganya mahakama. Hiyo ni jinai. Utakuja kulala ninapolala mimi wakinifutia dhamana."

"Na akisema ni mungu kweli," alisema Babu Tarehe, "basi amejenga jiko kwenye kiwanja cha mtoto yatima. Hiyo ni madai. Anaondoka na birika lake."

Asilimia aliinua kidole kabla hajakaribishwa. "Na akinyamaza, watu wangu wa kodi wapo. Chai inayouzwa mbele ya mungu ni biashara au ni sadaka? Kama ni sadaka, kwa nini ina bei? Kama ni biashara, faida ni ya nani, ya mama au ya jiwe? Hapo mnakaa mpaka mjukuu awe wakili."

Mausi aliweka mwiko chini. "Nyinyi watatu mna kesi moja moja. Mimi kwa jiwe moja nimezipata zote."

"Una kipaji," alisema Dhamana.

Mausi hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye alama nyeusi ambayo moshi wa jiko lake ulikuwa umeichora ukutani, alama iliyopanda taratibu mwaka hadi mwaka kama mtoto anayepimwa urefu mlangoni. Hakuwa na shamba, hakuwa na duka. Alikuwa na alama ile.

Wakati huo Muhuri akafika. Lokanath Muhuri ndiye mwenye kibanda cha kopi kilichobomolewa. Alipokuwa nacho aligonga mihuri hata kwenye risiti ya nyanya. Alivaa shati jeupe na paji la uso lake lilikuwa na sinduri mpya, iliyotoka kwenye jiwe lile lile.

"Namaste, Mausi. Moja, sukari kidogo."

"Unanishtaki, halafu unakunywa chai yangu?"

"Mimi sikushtaki, mama. Anayekushtaki ni mtoto. Mimi ni rafiki yake tu."

"Rafiki gani hajawahi kumletea hata ndizi?" aliuliza Dhamana. "Mkono mtupu kama mgambo."

"Nimemletea haki."

"Haki hailiki. Na akishinda mtoto, kiwanja atakilinda nani?"

Muhuri alipuliza chai yake. "Mtoto hawezi kukaa peke yake mjini. Atahitaji mtu karibu. Mwenye kibanda kidogo. Cha kopi, kwa mfano."

"Sasa tumeelewana," alisema Babu Tarehe. "Urafiki wa fisi na mguu wa mbuzi."

Hapo mpiga mbiu wa mahakama alijitokeza mlangoni akaita jina la mdai kwa heshima zake zote, Baba Zuio, mtoto, kupitia kwa rafiki wa karibu, na jina la mdaiwa bila heshima yoyote. Mausi alijifuta mikono kwenye ncha ya sari. Babu Tarehe alisimama kumsindikiza, kwa kuwa ndani aliijua kila ngazi na kila feni mbovu.

Jaji alikuwa mzee mkimya mwenye miwani mizito. Mausi hakuwahi kumwona usoni. Alilijua tu termosi lake, ambalo tarishi Ananta alikuja kulijaza kila asubuhi tangu jaji huyo alipohamia.

"Mtoto yuko wapi?" jaji aliuliza.

"Nje, Bwana Jaji," alisema Muhuri. "Chini ya ukuta. Moshi wa birika unampiga usoni."

"Ana umri gani?"

"Kisheria ni mtoto milele. Kwa macho, alionekana Jumapili."

"Na wewe ni nani wake?"

"Rafiki wa karibu, Bwana Jaji."

"Mlijuana lini?"

"Jumatatu. Baada ya kibanda changu kubomolewa."

Jaji aliandika kitu, au labda alichora. Kisha akamgeukia Mausi. "Mama, jiwe hili ni la nani?"

Upande mmoja wa swali palikuwa na jela na upande wa pili palikuwa na barabara. Mausi alishika ukingo wa kizimba.

"Bwana Jaji, mimi sikusoma. Ninachojua, asubuhi ninamwogesha mimi. Mvua ikinyesha ninamfunika na gunia langu. Wanaokuja wanamwomba kitu, kisha wanaondoka. Mtoto ni wa nani, kama si wa anayemwogesha?"

Sheria iliyoweza kumwona mtu ndani ya jiwe haikuwa imewahi kumwona mtu nyuma ya birika, na sasa ilimtazama kwa muda mrefu, kidogo kwa aibu.

"Lipo jambo jingine," alisema jaji, akavua miwani. "Tangu Jumatatu, chai inayoletwa ofisini kwangu haina tangawizi. Kwa nini?"

Babu Tarehe alifumba macho. Katika shauri zima hilo ndilo swali pekee ambalo jibu lake lilikuwa ukweli wote.

"Ni kwa sababu ya mtoto, Bwana Jaji," alisema Mausi. "Tangu aje, siwezi kuponda."

Jaji alimtazama kama mtu anayeonja kitu na kukataa kukitaja jina. Alikohoa. Akavaa miwani, akamwagiza karani aandike: shauri hili ni zito, linagusa haki za mtoto, litasikilizwa baada ya msimu wa mvua, mpaka hapo hali ya mahali pale ibaki kama ilivyo. Kisiongezwe kitu, kisipunguzwe, kisisogezwe hata shubiri.

Nje, Dhamana aliwapokea katikati ya njia. "Umefungwa?"

"Nimepewa tarehe," alisema Mausi.

Babu Tarehe alipangusa nafasi benchini kwa kitambaa chake cha begani. "Kaa, mwanangu. Baada ya mvua, halafu baada ya ile ya pili, halafu jaji atahamishwa. Huo ukuta ni wako mpaka wajukuu. Mimi miaka yote hii nalilia hukumu, kumbe wenye akili wanaomba isije."

Mausi aliketi upande wa wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akagundua kwamba benchi lile lina msumari.

Karani mwenye kalamu sikioni alifika kuandika hali ilivyo. Aliandika jiwe moja, jiko moja, birika moja, benchi moja. Kisha akawahesabu waliokaa.

"Mimi usiniandike," alisema Asilimia. "Nina duka."

"Amri ilipotoka ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa, lakini kwa bahati tu."

"Basi upo," alisema karani. "Saa za kazi za mahakama usisogee. Ukihama, umeidharau."

"Na mimi?" aliuliza Muhuri, ambaye alikuwa amekuja kudai kikombe cha pili.

Karani alimpima kwa macho. "Wewe kibanda chako kilishabomolewa. Hapa hupo. Sogea."

Babu Tarehe alinyoosha miguu kwa raha isiyo kifani. "Mwandike vizuri huyo wa katikati, ndiye mimi. Ni mara ya kwanza mahakama hii inaniona nipo."

Kengele ya mapumziko ililia. Kwa mazoea ya miaka wote walinyanyuka kwenda kula, wakamwona karani bado amesimama, wakakaa tena mmoja baada ya mwingine, Asilimia akiwa wa mwisho na akinung'unika kwamba kibonge kisichouzwa si peremende wala si nafaka.

Tarishi Ananta alikuja akikimbia, termosi kwapani, akainama kwa Mausi na kusema kwa sauti ya chini:

"Mausi, Bwana Jaji anasalimia. Anauliza kama leo, kwa siri, kidogo tu, ile tangawizi inaweza kurudi."

Mausi alilitazama jiwe. Akaitazama alama ya moshi ukutani. Kisha akalichukua termosi, akalijaza mpaka juu chai nyeupe, tamu, isiyo na kitu, akalifunga kwa makini.

"Mwambie shikamoo," alisema. "Na umwambie, kwa heshima zote, hali ibaki kama ilivyo."