Ombi la Kumpimia Bibi Presha Zizini

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Ninaandika kwa sababu kila nikisimama mbele yako sauti hunikauka. Mimi ni Restituta wa Kidato cha Tatu, yule anayemleta bibi yake, Bibi Perpetua, kupimwa presha.

Kama unavyojua, bibi ana mtoto wa jicho. Madaktari wa macho wanakuja mwezi ujao, nao hawatamfanyia upasuaji mpaka presha yake itulie. Jumapili mbuzi wa jirani alilia njiani, bibi akamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Kwa hiyo hatuna muda.

Lakini presha hiyo inapanda kwako tu. Madam Erica, mwalimu wetu wa biolojia, alimpima nyumbani bibi akichambua maharage, ikawa nzuri kabisa. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Koti lako jeupe. Mtu wa mwisho kufika kwetu na koti kama hilo alikuwa bwana mifugo, na tangu siku hiyo dume letu ni maksai. Bibi ndiye aliyeshika kamba.

2. Salamu. Huku kwetu mtu hashikwi mkono kwa shughuli yoyote kabla ya kuulizana habari za nyumbani, za mvua na za mifugo. Sista Kissa, ambaye ametoka mkoa mwingine na ni mpole sana, huanza kumfunga kile kitambaa cha mashine bibi akiwa bado kwenye habari za mvua. Kisha husema, "Bibi, nyamaza kidogo." Kwetu ukinyamazishwa katikati ya salamu, ujue kuna msiba.

3. Picha ya moyo uliopasuliwa, iliyobandikwa ukutani. Bibi haioni vizuri, hivyo huniuliza imeandikwa nini. Nami humsomea yote, pamoja na sehemu ya kiharusi, kwa kuwa si vizuri kumficha mkubwa.

Hivyo naomba upimaji uhamie zizini kwetu, wakati wa kukamua, maana hapo ndipo bibi hutulia. Uje bila koti. Shuka la marehemu babu lipo, nimelifua. Salamu zikamilike, maziwa yanywewe, ndipo mashine itolewe. Ikishindikana, tutamleta bibi pamoja na ng'ombe wake. Mlango wako nimeupima kwa rula: ng'ombe anapita, mradi ageuze pembe upande.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie Sista Kissa, mlinzi, mama wa mapokezi na wote walio kwenye foleni, hata yule mzee anayekohoa.

Wako mtiifu,
Restituta Qamara

N.B. Nimemsomea bibi barua hii. Amecheka mpaka akashika ukuta. Anasema koti halimsumbui na Sista Kissa anampenda. Anayemwendesha moyo mbio ni mimi, ninayemshika mkono kwa vidole vya baridi huku nikitetemeka na kumnong'oneza, "Usiogope, bibi, usiogope." Anasema, "Wee mtoto, nilikuwa siogopi mpaka ulipoanza." Jumatatu atakuja na binamu yangu Onesphory, ambaye akikaa tu husinzia. Mimi ameniagiza nije siku nyingine, peke yangu, nipimwe.