Aina Moja Tu

Jumatatu, 10 Januari 1938. Tororo.
Dada Hajarah karudi kutoka Busia na jibu la Aidah, yule mjane ninayemposa. Hajakataa! Lakini marehemu mumewe alikuwa mnene, akaanguka ghafla akifunga viatu. Hataki kufiwa mara ya pili. Nipungue kwanza, msimu wa pamba ukiisha atanitazama.
Nikapanda mizani ya pamba kazini. Ratili mia mbili thelathini na moja. Okochi, mpakiaji wetu, akaisoma kwa sauti, mbele ya wakulima wa kijiji cha Mella waliopanga foleni na pamba yao. Mmoja akauliza kama mimi ni pamba ya daraja la kwanza au la pili. Nimechoka.

Jumanne, 11 Januari.
Uchunguzi. Nasifu, dereva wa lori, naye anamtaka Aidah. Mji mzima unajua. Mwembamba kama waya wa mwavuli. Nikamfuata mchana hotelini. Ugali wa wimbi na samaki mkavu. Jana hivyo hivyo. Anasema mwaka mzima hivyo hivyo, akichoka nao anaacha.
Mimi je? Leo: matoke, wali, maharage, viazi vitamu, mchuzi wa karanga, kisha chai na mandazi. Nikishiba matoke, wali unanifungulia tumbo jipya. Nimegundua! Kinachonenepesha si chakula, ni aina zake.

Ijumaa, 14 Januari.
Siku ya tatu ya muhogo wa kuchemsha, basi. Asubuhi muhogo. Jioni muhogo. Leo nimeacha nusu sahani, jambo ambalo halijawahi kutokea ukoo wetu. Hajarah analalamika majirani watasema ananinyima. Mizani: mia mbili ishirini na nane! Okochi akanionea huruma: “Karani, wewe nakufa na njaa, na mshahara iko?”
Nikaenda kula muhogo.

Jumamosi, 15 Januari.
Nimemweleza Erisa, mganga wa zahanati, ugunduzi wangu. Akasema nusu ni kweli: vyakula vingi mezani humfanya mtu ale zaidi. Ila muhogo mtupu utaniangusha. Niongeze aina za mboga za majani. Alikuwa bado anazungumza, kitu juu ya mafuta na kiasi, lakini nilishafika sokoni.
Kunde, mchicha, mnavu, mgagani, mrenda, kisamvu, majani ya maboga. Aina saba! Hajarah kaunga kila moja kwa karanga. Kila moja ikadai ugali wake.

Jumatatu, 17 Januari.
Mia mbili thelathini na tano. Okochi hakupaza sauti. Alininong’oneza. Afadhali angepiga kelele.

Jumatano, 19 Januari. Busia.
Nisisubiri msimu uishe, nitazidi kuharibika. Nimekuja na Hajarah kumwona Aidah mwenyewe. Lori lililokuwepo ni la Nasifu tu. Njia nzima alipiga mluzi.
Aidah akatuandalia sote watatu, mimi, Hajarah na Nasifu. Chapati, wali, kuku, samaki ngege wa kukaanga, matoke, mboga mbili, maharage, ndizi mbivu. Nikaapa kuonja tu. Kidogo cha hiki, kidogo cha kile, na kile cha kwanza tena, nilishasahau ladha yake. Nasifu akala ugali na mboga, akanawa.
Aidah alikuwa ananitazama mikono. Hakucheka. Akasema taratibu, “Bwana Sowedi, hata marehemu alikuwa anaonja tu.”
Macho yake yalilowa. Nilitaka kumwambia kwamba ninamtaka kweli, kwamba nyumba yangu ni kimya tangu mke wangu Fatumah alipofariki. Kinywa kilijaa chapati. Nilipomeza, alikwishaondoka na sahani.

Jumapili, 30 Januari. Tororo.
Hajarah kaleta habari. Aidah anaolewa na Nasifu, Ijumaa. Tumealikwa.
Nimelala mchana kutwa, uso ukutani. Hajarah akaniletea uji, akakaa nami. Ni dada mwema.
Jioni nimefikiri sana. Kosa langu liko wazi: Erisa. Nisingemsikiliza, ningekuwa bwana harusi. Ninarudi kwenye kanuni yangu, aina moja tu, na ninaanza Ijumaa hiyo hiyo. Karamuni sitagusa chapati, wala kuku, wala ndizi. Nitakula pilau peke yake. Mchele, nyama, viazi, vyote vimeiva sufuria moja, kwa hiyo ni chakula kimoja.
Hajarah ameuliza, sahani ngapi? Hajanielewa. Kanuni haisemi lolote juu ya sahani.