Filimbi ya Mwalimu Kalunde

Jumatatu, Juni 4, 1979. Tawa.
Mwalimu mkuu, Bwana Ndeti, ametangaza kikaoni: Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka Machakos kuangalia somo la mazoezi ya viungo. Atakayemfurahisha ndiye mwalimu wa michezo, na ataongoza timu yetu kwenye mashindano ya wilaya. Lazima niwe mimi, Muturi. Hesabu nimefundisha mpaka nimeota mvi, na haijanipeleka popote. Kizuizi ni kimoja tu: Kalunde, mwalimu wa darasa la nne.

Jumanne, Juni 5.
Nimempeleleza. Nilikaa dirishani nikijifanya nasahihisha madaftari. Mpira hana hata mmoja. Ana rundo la nyasi kavu, kamba za katani walizosokota akina mama, debe la kupiga kama ngoma, na filimbi shingoni. Watoto walinyunyiza maji, vumbi likalala. Filimbi ikalia. Wakaanza kupinduka hewani, mmoja baada ya mwingine, wakitua kwa miguu bila kishindo. Wangui, binti wa mwenye duka, ambaye kwangu hata mkono haunyanyui, alipinduka akatua akicheka. Kalunde alipoitoa filimbi mdomoni, wote wakasimama tuli. Nilipenda, sitaficha. Madaftari yamebaki vilevile.

Jumatano, Juni 6.
Nimemnong'oneza Bwana Ndeti kwamba debe linawasumbua darasa la saba, na mtihani ndio huo unakuja. Debe limefungiwa stoo. Ushindi!
Jioni: si ushindi. Kalunde hakununa hata kidogo. Amewafundisha kupiga makofi mapajani, na sasa inapendeza kuliko debe. Darasa la saba wote walihamia dirishani, mwalimu wao pamoja nao. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimesimama juu ya dawati ili nione vizuri.

Alhamisi, Juni 7.
Mpango mpya. Nimemwendea Kalunde kwa upole, nikamwambia naona amechoka, kesho apumzike, nitamshikia darasa. Akasema sawa, mwalimu, muhimu mkaguzi aone watoto, aliyesimama mbele si kitu. Akanivulia filimbi yake mwenyewe. Akauliza kama nataka anieleze inavyotumika. Mimi, nielezwe filimbi! Nimemjibu nimeshaona vya kutosha kwa macho yangu. Mwanamke ana roho safi, mpaka nilimwonea huruma kidogo.

Ijumaa, Juni 8.
Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha ofisini, chini ya kivuli cha paa. Nia yangu ilikuwa mistari iliyonyooka, mikono juu, mikono chini, heshima. Watoto walianza kukimbia. Nikapiga filimbi wasimame. Wakapinduka. Nikapiga tena, kwa ukali. Wakapandana mabegani. Kadiri nilivyopuliza ndivyo walivyoruka, na mimi nikapuliza mpaka macho yakanitoka. Wangui alipita juu ya kichwa changu. Nilijitupa kwenye nyasi kuokoa maisha, nikatua kwa shingo.
Mkaguzi alisimama akapiga makofi. Hata mimi, pale chini, niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona shuleni. Kisha akawauliza watoto ni nani amewafundisha. Wakamwonyesha Kalunde, aliyekuwa akitazama pembeni, wote kwa pamoja, bila haya.
Bwana Ndeti alinieleza huku akinifuta vumbi kwamba huku Ukambani filimbi ndiyo humrusha mchezaji ngomani. Anayetaka watu watulie hunyamaza. Akasema ningeuliza tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Jumamosi, Juni 9.
Kalunde ndiye mwalimu wa michezo. Ataongoza timu Machakos. Shingo haigeuki. Amekuja kunijulia hali, kaniletea uji na mafuta ya kuchua, na akasema nikipona atanifundisha filimbi pole pole, pamoja na watoto. Sijaona mtu muungwana kama huyu. Nimemshukuru sana, nikakataa.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimelala hapa nikifikiri, na kosa nimeligundua: filimbi ile ni ndogo mno, watoto hawakunisikia. Nimemwagiza Karanja, dereva wa lori, aninunulie mjini Emali ile kubwa ya refa, inayosikika hadi sokoni. Jumatatu nitaipuliza mpaka wasimame.