Bastola ya Karanja na Mtamba Wangu Nyakeru

Jumatano, 4 Juni

Karanja amekuja kunisalimia na mikate miwili. Huyu mtoto wangu akija na mkate mmoja, amekuja kusalimia. Akija na miwili, anataka kitu.

Anataka kumuuza Nyakeru. Nyakeru! Mtamba wangu, mimba yake ya kwanza hiyo, nimemkatia majani kwa mkono wangu tangu akiwa ndama wa kulilia mama yake. Ni kweli Karanja ndiye alimnunua. Lakini analala kwangu. Nikikohoa tu anajibu.

Na pesa ni ya nini? Bastola. Karanja ana duka la hardware pale Kiganjo. Wezi walimvamia, akaomba leseni, akapewa, na bastola anayo. Kubwa, nzima, haijawahi kumkosea. Sasa kumetoka nyingine mpya, fupi, bei kali, na wanaume wote wa klabu yao ya kulenga shabaha wanaiongelea kama bibi harusi.

Akaniuliza, Mama, wewe unaonaje? Nikatabasamu na meno yote yaliyobaki. Nikamwambia, fanya unavyoona, baba.

Alipoondoka nikapiga sufuria teke. Kidole cha mguu kimevimba.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata akili! Karanja hawezi kunisikiliza mimi. (Sijamwambia kitu, lakini namjua.) Atasikiliza wenzake wenye bastola. Wakiisema vibaya, ataiacha. Nimetoka hapa kwetu Theta asubuhi na kikapu cha ndizi kutafuta maoni.

Kwanza Muema, mwanajeshi mstaafu, anakaa Thika mjini. Ndiye pekee aliyeinunua tayari. Nikamwomba anitajie ubaya wake. Akafunga macho kama mtu anayeomba. Akasema haina ubaya. Triga laini, inatulia mkononi, ukivaa koti hakuna anayejua umeibeba. Nikasema lazima kuna kitu. Akafikiria mpaka chai ikapoa. Akasema labda sanduku lake lingekuwa la rangi nyingine.

Kisha Nzioki wa mbao, kule Kimbo. Aliijaribu tu kwa klabu. Akasema bei yake ni wazimu, mtu analipia jina lililochorwa ubavuni. Nikamshika mkono kwa furaha. Akaongeza kwamba akipata hizo pesa leo, kesho anainunua.

Mwisho Odhiambo mwenye bucha, jirani ya hardware ya Karanja. Akasema ni fupi mno. Ukiishika, kidole cha mwisho kinaning'inia nje kama mgeni aliyekosa kiti. Huyo ndiye mwanaume! Nikamwalika chakula Jumapili. Kisha nikaona nisibague, nikawaalika wote watatu, na Karanja pia.

Ijumaa, 6 Juni

Nimewapigia simu kuwagawia makosa. Nzioki aseme ni nzito. Odhiambo aseme ukifyatua inarusha mkono mpaka bega linalia, na ile ya kidole pia asisahau. Muema aseme inakwama.

Muema amekataa. Amesema mwanajeshi hasingizii silaha. Nikamwambia kutakuwa na mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, na kuku wa kienyeji. Akasema, kama mjukuu kwa nyanya yake, basi Cucu, nitajaribu.

Nimetenga kuku wawili wa kuchinja, wale wa kutaga. Waceke, mke wa Karanja, akaniuliza kuna nini. Nikasema ni Pentekoste. Akaniangalia. Huyo msichana ana macho ya askari wa kizuizini.

Jumapili, 8 Juni

Ngai! Nianzie wapi?

Walikuja. Walikula. Karanja mwenyewe akaleta hadithi ya bastola, sikuhitaji hata kusukuma. Nikamkonyeza Nzioki. Akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi kwamba ile kitu ni nzito sana. Karanja akashangaa. Akamkumbusha kwamba juzi tu alisema ni nyepesi kama simu. Nzioki akajaza mukimo mdomoni, akajificha nyuma yake.

Nikamkonyeza Odhiambo. Akaeleza bega, akajishika bega lisilofaa, lile la kushoto, na watu wote wanajua anapigia kulia.

Nikamkonyeza Muema. Akaweka kijiko chini. Akasema amejaribu njia nzima kutoka Thika kusema inakwama, ulimi umekataa. Haikwami. Haijawahi kukwama. Akaomba msamaha, sijui kwangu au kwa bastola.

Basi wakasahau nilichowafundisha, wakaanza kubishana ya kweli. Triga. Bei. Kama mkono mkubwa unaiweza au hauiwezi. Karanja akamwomba Muema aitoe yake aione tena, Muema akakataa, akasema silaha si chumvi ya kuzungushwa mezani. Hapo nilimpenda tena kidogo. Wakanyoosha viganja hewani wakipima vidole, watu wazima wanne, kama watoto wanaooneshana kucha kwa mwalimu. Nikaona macho ya Karanja yanang'aa kuliko Jumatano. Nimemlisha tamaa kwa kuku wangu mwenyewe.

Hayo si mabaya. Mabaya ni haya. Odhiambo alitoka kunawa mikono, akamwona Nyakeru. Akampapasa mgongo. Akampapasa paja! Akarudi akamwambia Karanja mtamba huyu ni safi, kama anauzwa yeye anachukua kesho. Karanja alikuwa hana mnunuzi. Sasa anaye.

Nilimwalika mwenye bucha nyumbani kwangu, nikamshibisha, nikamwonesha ng'ombe. Nani mjinga hapa? Si Odhiambo.

Jumatatu, 9 Juni

Pikapu imefika kabla sijamaliza uji. Odhiambo na kamba. Akaapa kwamba si ya bucha, ni ya kufuga, nyumbani kwake anataka maziwa. Huenda ni kweli. Lakini ile mikono niliiona.

Nilikuwa na mpango wa kusema Nyakeru anaharisha. Halafu mpango wa kuficha kamba. Halafu miguu ikanipeleka yenyewe, nikajikuta nimekaa ndani ya hori, juu ya majani yake, nimemshika shingo. Mwanamke wa umri wangu. Na Nyakeru, hana habari, akaendelea kula majani upande wa sketi yangu.

Karanja akaja mbio. Mama, kwani kuna nini? Nikasema usimuuze. Hilo tu. Nikaanza kulia, kamasi na kila kitu.

Akasimama pale. Akasema, sawa.

Sawa! Akasema kama ningesema hivyo nilipoulizwa Jumatano, angeliacha jambo hilo siku hiyo hiyo. Akasema alikuja kuniuliza kwa sababu alitaka kuniuliza. Na mikate miwili ilikuwa ni kwa sababu mmoja ulikuwa wa jana. Akacheka, akasema ile bastola hata yeye kidole kinaning'inia nje. Odhiambo akanishika mkono, akanitoa horini, akasema pole sana Mathe. Nikampa mayai. Ni mtu mzuri, ila asimguse Nyakeru.

Karanja hakurudi Kiganjo mpaka mchana. Alivua shati akakata majani ya Nyakeru, mzigo mzima.

Naandika hapa kwa mkono wangu, mimi ambaye herufi nilizipata uzeeni kwa darasa la kanisa: kuanzia leo nikiulizwa, nasema. Mdomo ninao. Mungu alinipa mkubwa. Nitautumia.

Jumatano, 11 Juni

Waceke amekuja na mikate miwili.

Anataka kubomoa jiko langu la kuni anijengee la gesi, eti moshi unanimaliza kifua. Jiko langu! Mawe yale matatu nimepikia watoto wote. Akakaa vizuri, akanishika goti, akaniuliza, Mama, wewe unaonaje? Niseme ukweli tu, akasema. Karanja amemweleza.

Nikamwambia, fanya unavyoona, mama.

Kesho naenda Ruiru mapema. Nasikia kuna wanawake huko wana jiko la gesi. Lazima lina ubaya. Nimebakiwa na jogoo mmoja, atatosha watu watatu.