Paa la Chumba cha Vioo

Jumamosi, 2 Novemba
Mvua zimeanza. Chumba cha vioo kimevuja mahali saba. Sufuria zilitosha mahali sita. Tone la mahali pa saba lilidondokea kichwani kwangu. Babu alikijenga ubavuni mwa nyumba ili aote jua akitazama ziwa. Katika nyumba hii ya watu tisa, ni humo tu ninamoweza kusoma. Baba ametoa hukumu: kikiwa bado kinavuja Jumapili ya tarehe 10, anafugia kuku humo. Nilikuwa na hoja tatu za kumjibu. Nikasema, ndiyo Baba.

Jumapili, 3 Novemba
Nimechora paa jipya kwa rula na kanuni ya Pythagoras. Bati za kupitisha mwanga badala ya hizi zilizooza. Jua litaingia tangu asubuhi hadi jioni! Tatizo: bati sina, na nikisimama mbele ya fundi Hamdani sauti hupotea. Nimemwandikia barua. Kurasa tatu, pamoja na utangulizi na hitimisho.

Jumatatu, 4 Novemba
Fundi Hamdani amenisimamisha njiani, mbele ya darasa zima. Akasema barua amewasomea mafundi wenzake wote kule mtaa wa Katubuka, na mmoja karibu alie. “Ila mwanangu Elida, bati ngapi? Hilo hujaandika.” Nilimwonyesha kwa vidole. Nane.

Jumanne, 5 Novemba
Muujiza. Mama mdogo Skolastika anauza dagaa, na vitabu vyangu huvigusa pale tu anapotaka kuua nzi. Tena wiki hii ana huzuni zake: mvua haikatiki, dagaa wake aliowanunua Kagunga hawakauki, wameanza kunuka. Hata hivyo leo ameketi akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza mwanga, nikamweleza joto. Akauliza kama nzi wataingia. Nikasema hawawezi, madirisha yana wavu. Akauliza, na paka je? Hakuna mtu mwingine aliyewahi kufikiria jinsi paka wanavyomsumbua msomaji. Amesema bati juu yake, fundi juu yake. Nilikwenda kulia kidogo chooni.

Ijumaa, 8 Novemba
Paa limekamilika. Nilikosea hesabu, bati mbili zimebaki, lakini hakuna aliyenisema. Jioni mvua ikapiga kwa hasira. Hakuna tone. Baba alitazama juu, akasema, “Profesa, hapa umeniweza.” Nimepanga vitabu vyangu kwa alfabeti. Mama mdogo alikuja na futi akapima sakafu yote. Nadhani ananinunulia zulia.

Jumamosi, 9 Novemba
Si zulia.
Nimerudi kutoka twisheni nikakuta dagaa, ukuta hadi ukuta, wametandazwa juu ya vyandarua wakimetameta. Vitabu vyangu vimo ndani ya ndoo. Mama mdogo alisimama mlangoni akiwaambia majirani kwamba huu ni mchoro wa mwanawe, na kwamba nusu siku tu wamekauka kama wa kiangazi. Majirani wakanipongeza. Nikamwendea Baba. Akasema chumba hakivuji, kuku hawamo, sasa nalia nini? Nikachukua ndoo yangu ya vitabu. Nimesoma Historia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, na kila karne ilinuka dagaa.

Jumapili, 10 Novemba
Maisha yangu yamekwisha, niliandika asubuhi. Nimefuta. Nyuma ya jiko kuna kibanda cha kuni ambacho hakuna anayekitaka. Kinachokosekana ni paa tu, na zile bati mbili zipo! Nimechora upya, nikampelekea Mama mdogo kwa heshima zote. Akauliza kama upepo unapita. Nikamhakikishia, pande zote nne. Akauliza kama boriti zinaweza kubeba vitu vya kuning’inia. Nikasema bila shaka, na kamba nitafunga mwenyewe. Akanikumbatia, akasema nichukue bati zote mbili. Kisha akajifunga kanga haraka akaenda mwaloni, wanakoshusha samaki, kuulizia migebuka.
Mama huyu ana moyo wa pekee.